UZI: Masaa manne mezani na chupa ya Pauillac 2005, namna ya kuonja waini nyekundu ya Kifaransa

#1, mwenye uzi

Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliuahidi kitambo nikawa naupiga kalenda kila wiki, leo Jumapili duka limefungwa nimetulia, acha niuandike wote. Mi niko Bordeaux, Ufaransa, mwaka wa sita sasa, nafanya kazi kwenye duka la waini, nilianza stoo kubeba makasha na kufuta chupa vumbi, afu mzee mwenye duka akaanza kuniita mezani wakati wa kuonja, sahivi ndo nahudumia wateja mwenyewe. Kila nikirudi Tanga likizo swali ni lilelile, hiyo chupa ya laki nne ina nini ambacho ya elfu ishirini haina? Na majibu wanayopewa watu yananiuma aisee, maana wanatajiwa jina na bei basi, au wanaorodheshewa matunda ya nchi za baridi ambayo hata hatujawahi kuyashika.

Jibu langu baada ya miaka sita ni kwamba waini kubwa inapimwa kwa saa. Unaangalia inakaa muda gani mdomoni ukishameza, inabadilika vipi ndani ya glasi kadri usiku unavyoenda, na miaka yake imeibebaje. Chupa ya kawaida inamaliza maneno yake yote dakika ya kwanza. Ntawaelezea kwa chupa moja, naona ndo itaeleweka vizuri.

Mwezi uliopita mzee kastaafu. Akatuita nyumbani kwake, jumla tulikuwa sita, akatoa chini chupa mbili, moja ya shamba silitaji (mtaona kwa nini) na nyingine Château Lynch-Bages ya 2005 ambayo aliinunua ikiwa changa akailaza gizani karibu miaka ishirini. Pauillac ni mji mdogo kando ya mlango wa mto Gironde, kama kilomita 50 kaskazini mwa Bordeaux, na kwenye hako kaeneo ndo yapo mashamba ya Lafite, Latour na Mouton, yani matatu kati ya yale matano ya daraja la kwanza. Lynch-Bages yenyewe kwenye orodha ya madaraja ya waini za Bordeaux ya 1855, ambayo Napoleon III aliitaka kwa ajili ya maonyesho ya Paris, iliwekwa daraja la tano, ila watu wa huku wengi watakwambia siku hizi inanyweka kama ya juu zaidi ya hapo. Orodha haijaguswa sana tangu kipindi hicho, badiliko kubwa ni la 1973 Mouton ilipopandishwa toka la pili kwenda la kwanza. Kwaiyo daraja la mwaka 1855 lisikutishe wala lisikulevye.

Ukifika mashambani pale kitu cha kwanza unachoona ni kokoto. Kokoto kabisa, unajiuliza hapa kuna mtu analima kweli? Lakini ndo siri yenyewe, maji ya mvua yanapita hayakai, mzizi unalazimika kushuka chini kuyafuata, na mawe yanashika joto la mchana, na zabibu kuu ya hapo, Cabernet Sauvignon, inachelewa kuiva kwahiyo hilo joto inalihitaji. Mwaka 2005 ulikuwa mkavu sana huku, punje zikawa ndogo, ganda nene. Ganda nene maana yake rangi nyingi na ukakasi mwingi. Ndo maana hii 2005 ya Bordeaux ukiifungua mapema unakuta imejifunga, inataka subira.

Basi. Saa moja usiku. Chupa ilisimamishwa wima tangu jana yake ili mashapo yashuke chini. Mzee akaifungua taratibu, akawasha mshumaa akauweka nyuma ya shingo ya chupa, akaanza kumimina kwenye jagi la kioo huku anaangalia mwanga, alipoona ule uzi mweusi wa mashapo unafika shingoni akaacha hapohapo. Yale mashapo ni rangi na tanini (ndo zinazoleta ukakasi) zilizoshikana kwa miaka zikawa nzito zikazama. Hayana madhara, ila yanachafua mdomo.

Akatuwekea kidogo, kama robo ya glasi. Rangi kwanza, unailaza glasi juu ya karatasi nyeupe unaangalia ukingoni. Waini changa ukingo una rangi ya zambarau mbichi, ikizeeka unageuka kama tofali. Hii katikati bado ilikuwa nzito, nyekundu ya kuiva, ila pembeni tofali limeshaanza kuingia kwa mbali. Yale machozi yanayoteremka kwenye kioo ukizungusha msiyape uzito, ni habari ya kilevi na maji kukauka kwa kasi tofauti, hata kitu cha bei rahisi kinalia.

Nikanusa. Wakuu, karibu hakuna kitu. Mbao, kidogo udongo uliolowa, basi. Nikapiga funda, mdomo ukakaza mpaka fizi. Nikamwambia mzee, hii imechelewa kufa au imewahi kuzaliwa? Akasema weka chini, kula mkate, ongea na wenzio.

Naendelea, ngoja nipate chai.

#2

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Ila hapo kwenye kukaza mdomo naomba ufafanuzi, mi niliwekewa waini nyekundu kavu kwenye harusi Dodoma nikahisi kama nimetafuna bibo ambalo halijaiva. Ile yetu tamu mbona inashuka yenyewe? Sasa huo ukakasi ndo ubora au ndo ubovu?

#3, mwenye uzi

Mkuu bibo ndo mfano bora kuliko yote nimewahi kusikia, ntautumia dukani. Ni kitu kilekile. Tanini zinatoka kwenye ganda, kwenye mbegu, na kidogo kwenye pipa, zikifika mdomoni zinashikana na protini za mate, ule utelezi wa mate unaondoka, ndo unahisi mdomo umekauka. Kwaiyo sio ladha ile, ni mguso. Chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni inafanya hivyohivyo, ndizi mbichi pia.

Sasa ubora wake unaupima kwa umbile. Kuna ukakasi wa msasa, unakwaruza fizi na unabaki unauma pembeni. Na kuna wa kitenge kizito kilichofuliwa mara nyingi, unaushika ulimini unahisi upo, una uzito, lakini haukuchubui. Waini kubwa ikiwa changa huwa na huo wa kwanza na ikikaa miaka unalainika kuelekea wa pili. Ikiwa haina kabisa toka mwanzo basi haina mfupa, haitafika mbali. Na nyama inasaidia sana, zile protini zinashikana na tanini badala ya mate yako, ndo maana watu wa Pauillac wanaila na nyama ya mwanakondoo.

Kuhusu utamu, hizi nyekundu za Bordeaux sukari yote imeshachacha ikawa kilevi, karibu hakuna iliyobaki. Mtu aliyezoea tamu akionja hii lazima ashtuke, sio kosa lake. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya jua letu, huku ni mara moja tu, Septemba kwenda Oktoba, na mvua ya wiki moja kipindi hicho inaweza kuharibu mwaka mzima. Ni ulimwengu mwingine kabisa.

Nikirudi mezani. Saa mbili usiku. Nikanyanyua tena ile glasi, sikuamini. Ile mbao imepungua, imetoka harufu ya tunda jeusi, wenyewe wanaita cassis, kitunda kidogo cheusi cha huku. Mi akili yangu ilienda moja kwa moja kwenye zambarau, zile zilizoiva mpaka zimeanguka chini ya mti mkuu ukipita unazikanyaga, tamu na kaukali kidogo nyuma. Na chini yake penseli iliyochongwa sasahivi. Yani penseli ya darasa la pili kabisa na ule unga wake. Hiyo harufu ya penseli ukiikuta pamoja na tunda jeusi unaanza kuhisi Pauillac hata kama chupa imefunikwa. Na kwa mbali sana karafuu.

#4

Mimi pombe situmii ila uzi nausoma wote, umeandika vizuri kaka. Nimezaliwa Pemba na karafuu naijua toka inachumwa mpaka inaanikwa. Swali langu, kwani wanatia viungo ndani? Karafuu imeingiaje kwenye zabibu?

#5, mwenye uzi

Karibu sana dada, na hili swali lako nalipenda mno. Hawatii chochote. Inatoka kwenye pipa. Mti wa mwaloni una kitu kinaitwa eujenoli, na hicho ndo hichohicho kinachoipa karafuu harufu yake. Molekuli ileile, ya Pemba na ya msitu wa Ufaransa. Mapipa yanachomwa moto kwa ndani wakati wa kuyatengeneza, moto ndo unaamsha karafuu, vanila, na ile harufu ya mkate uliobabuka. Pipa la Bordeaux ni lita 225, sawa na chupa 300, na waini kama hii inakaa humo mwaka mmoja na nusu hivi.

Wewe uliyekulia kwenye karafuu ungekaa ile meza ungeitaja karafuu kabla ya sisi wote, bila hata kuonja, kwa kunusa tu. Kuonja sehemu kubwa ni pua. Mtu mwenye mafua hata pilau halina ladha, si ndio? Ulimi unajua tamu, chachu, chumvi, chungu na ule utamu wa mchuzi wa nyama, yaliyobaki yote ni harufu zinazopanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani. Na ile ramani tuliyofundishwa kwamba ncha ya ulimi ndo inajua tamu, pembeni chachu, ni makosa, ulimi wote unahisi vyote.

Ndo maana nawaambia msikariri orodha za harufu za watu wengine. Andika ya kwako. Mimi daftari langu limejaa ukwaju, zambarau, moshi wa kuni za mkaratusi, sanduku la bibi, ngozi ya mkoba. Mzee mwanzoni alikuwa anashangaa, afu akaanza kuniuliza, ukwaju ni nini? Nikamletea. Alipoonja akasema sasa nimekuelewa miaka yote hiyo.

#6

Mkuu nikuulize bila kukuudhi. Hizi si ni hadithi tu? Niliwahi kusoma kwamba wataalamu walitiliwa rangi kwenye waini nyeupe wakaisifia kama nyekundu. Sasa mtu anayedanganywa na rangi anawezaje kuniambia penseli?

#7, mwenye uzi

Huniudhi hata kidogo, na ni kweli kabisa. Utafiti ulifanyika hapahapa Bordeaux, ukatoka 2001. Wanafunzi 54 wa fani ya waini walipewa nyeupe na nyekundu, wakaandika harufu. Baadae wakapewa ile nyeupe yenyewe imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaanza kuandika maneno ya waini nyekundu, matunda mekundu na meusi. Mi hilo nalichukulia serious sana. Halimaanishi kwamba harufu hazipo, linamaanisha jicho linakimbia mbele ya pua na kuiambia cha kunusa. Na jina kwenye karatasi ya chupa linakimbia mbele zaidi. Bei ndo inaongoza kabisa.

Dawa yake ni kufunika. Dukani kwetu hatuonji kitu cha maana bila kuvalisha chupa soksi. Paris tarehe 24 Mei 1976 waonjaji wa Kifaransa walifunikiwa chupa, na kwenye nyekundu waliipa nafasi ya kwanza Stag's Leap ya California mbele ya Mouton na Haut-Brion za huku Bordeaux. Wangeona majina mnadhani ingetokea?

Lakini angalia mkuu, rangi inaweza kukudanganya neno, utasema zambarau badala ya pera. Haiwezi kukudanganya muda. Ukimeza ukahesabu, ama ladha ipo ama haipo. Ndo maana mi nimeshikilia hapo.

Namna ya kuhesabu: chukua funda dogo, lisukutue mdomo mzima, vuta hewa kidogo kupitia midomo kama unapoza uji, litembeze taratibu, sio sekunde mbili. Afu meza au tema, kazini tunatema, ukionja chupa thelathini asubuhi na ukazimeza zote ya thelathini haina haki tena. Ukishatema anza kuhesabu, moja, mbili, tatu, mpaka harufu ya tunda iishe. Usihesabu ukakasi wala moto wa kilevi, hesabu harufu tu. Wafaransa sekunde moja wanaiita kodali. Nyingi zinakata kwenye tatu nne. Nane tisa nzuri. Ikipita kumi na mbili unaweka kalamu chini unasikiliza.

Ile Lynch-Bages saa mbili usiku nilihesabu nane. Kumbuka hiyo namba.

#8

Ndugu yangu mimi niko huku Bruxelles, nasoma mambo yako tangu juu. Hapa kazini walinipa chupa ya Saint-Émilion, iko jikoni karibu na radiateri ya kupasha nyumba joto. Niinywe na joto gani? Na nikimwaga kwenye jagi niache masaa mangapi?

#9, mwenye uzi

Ndugu itoe hapo jikoni leo leo, nakuomba. Joto linalopanda na kushuka ndo linaua waini. Ilaze sehemu ya giza, baridi ya kadiri. Wakati wa kunywa iwe nyuzi 16 mpaka 18. Ile kauli kwamba nyekundu inanywewa joto la chumba ni ya zamani kabla nyumba hazijawa na joto la umeme, ukiinywa kwenye 24 kilevi kinapanda puani kinafunika yote, na ukiinywa imetoka friji tanini zinakuwa chuma. Nusu saa ya friji kabla haina ubaya.

Masaa ya jagi yanategemea. Changa ngumu mpe saa mbili hata tatu. Ya makamo kama hii ya 2005 tuliyokunywa, saa moja mbili. Ikiwa mzee kabisa ya miaka arobaini usiiache, mimina taratibu unywe, inaweza kufa mbele yako ndani ya nusu saa, nimeshaona. Ya kwako ni Saint-Émilion, huko zabibu ya Merlot ndo nyingi, ni laini zaidi ya Pauillac, kwaiyo onja kwanza ndo uamue.

Sasa ile chupa ya pili ambayo sijataja jina. Saa tatu usiku mzee akaifungua, akanusa, akanyamaza. Akanipa. Boksi lililolowa. Lile boksi la kabati linaloachwa nje mvua ikanyesha, afu likakaa chumba kisicho na dirisha. Hiyo ni kemikali inaitwa TCA, inatoka kwenye kizibo cha gome, na pua inaikamata hata ikiwa nanogramu chache tu kwenye lita. Sio kosa la aliyelima wala aliyetengeneza, ndo maana sitaji shamba. Haina dawa, hewa haisaidii, kadri inavyokaa inazidi. Iliniuma, maana ilikuwa umri uleule. Na inatisha zaidi ikiwa kidogo, hausikii boksi lakini tunda limenyamaza, mteja anadhani waini ndivyo ilivyo. Mhudumu akikuwekea kidogo kwanza hotelini anakupa nafasi ya kunusa hiyo, hakuulizi kama umeipenda. Nusa, ukisikia boksi sema kwa heshima, utabadilishiwa.

Tukarudi kwenye jagi. Saa tatu na nusu. Tunda limeshuka kidogo, imepanda tumbaku, tumbaku kavu ya majani, sio moshi wa sigara, na ngozi, na kitu cha baridi kama mnanaa. Uchachu upo wima, mdomo unajaa mate ndo unajua uchachu unafanya kazi, bila huo miaka ishirini isingefika. Na ukakasi ule wa msasa wa saa moja umeshakuwa kitenge. Nikatema nikahesabu. Kumi na nne.

Kitu kilekile, chupa ileile, hakuna aliyeongeza wala kupunguza chochote zaidi ya hewa. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari saa moja "ngumu, imefunga, wastani". Ningeondoka saa ile ningewaandikia uzi mwingine kabisa.

#10

Aisee umenitoa machozi na sijui hata hiyo waini. Sasa sisi wenye elfu ishirini, thelathini tunaanzia wapi? Au tusubiri tustaafu?

#11, mwenye uzi

Hapana mkuu usisubiri. Anza na pua, bure kabisa. Ingia jikoni jicho lifunge, mtu akupe karafuu, iliki, pilipili hoho, majani ya chai, ukwaju, utashangaa vitu unavyovijua miaka yote pua haivitaji ikikosa jicho. Pilipili hoho hasa ijue, Cabernet iliyovunwa haijaiva inanuka hivyohivyo, ukiikuta imetawala ujue walivuna mapema.

Afu nunua chupa mbili za bei yako, zabibu moja, nchi mbili. Mtu azifunike. Onja, andika, hesabu sekunde. Kunywa nusu tu, rudisha kizibo, kesho jioni onja tena na uandike upya bila kusoma ya jana. Ile ambayo kesho yake bado ina maneno ndo bora, hata kama ni ya bei ndogo. Nimeshakuta ya euro tisa imeishinda ya euro arobaini kwa mtindo huu, na nikamuuzia mteja ile ya tisa.

Na glasi iwe inayobana juu kama tulipu. Ya kuonjea huku ni ndogo tu, unaweka mililita 50, nafasi iliyobaki ndo ya harufu. Glasi ya maji iliyo wazi inaachia kila kitu kinaondoka.

#12

Na mwisho ikawaje mkuu, mliimaliza?

#13, mwenye uzi

Saa tano ilibaki kama vidole viwili. Mzee akamwekea mkewe, sisi tukapewa mashapo tuyaangalie kwenye taa. Harufu ilikuwa imetulia, sanduku la mbao, majani makavu, zambarau imekuwa ya kukaushwa. Sikuhesabu tena.

Asubuhi nilirudi kusaidia kuosha vyombo. Kuna jambo mzee alinifundisha, glasi ya waini kubwa usiioshe usiku, inuse kesho yake ikiwa tupu imekauka. Nikaichukua ya kwangu pale mezani, kilevi kimeshaondoka chote, nikaingiza pua. Tumbaku, karafuu, penseli. Bado ipo. Nikampelekea jikoni akanusa akanirudishia, akasema hiyo iache mpaka mchana.

Nimeiosha saa nane.